Mistari ya Chumba cha Tatu

Yule mtembeza wageni walimwita Santuri, na jina lilimkaa sawasawa. Ukimkatiza maneno katikati haendelei pale alipoachia, anarudi mwanzo kabisa: "Mabibi na mabwana, karibuni katika jiji lenye nyuso tatu!" Mkewe alikuwa akimtania kwamba huyu bwana usimuulize bei ya sukari, atakuanzia enzi za wakoloni, na chai itapoa mezani. Miaka ishirini na sita alikuwa katika kazi hiyo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amekosa neno. Hilo likumbukeni.

Nyuso tatu zenyewe ni za kweli, hapo hakudanganya. Kuna mji mpya wa majengo ya vioo. Kuna mji mkongwe wa vichochoro, ambamo watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Na juu ya kilima kuna magofu ya wakoloni: nyumba ya gavana isiyo na paa, ofisi ya forodha iliyoota magugu, na gereza. Watembeza wageni wote wa jiji lile hufuata mpango mmoja, asubuhi vioo, mchana vichochoro, mwisho gereza. Mgeni ukimliza asubuhi, mchana atakusinzilia. Lakini ukimliza mwisho, atakukumbuka mpaka kwao, atamsimulia hadi shemeji yake.

Na ndani ya gereza kila mtembeza wageni ana kituo chake. Mmoja ana kisima, mwingine ana meza ya mkuu wa gereza, mwingine ana mlango wa chuma wenye alama za risasi. Kusimulia kwenye kituo cha mwenzako ni kama kuingia jiko la watu na kufunua chungu. Huulizwi mara mbili, unatolewa. Santuri kituo chake kilikuwa chumba cha tatu.

Humo ukutani, mkabala na kidirisha, kuna mistari sabini na minne, imechorwa kwa kitu chenye ncha na kupangwa kwa safu. "Mfungwa asiyejulikana," Santuri husema kwa sauti ya chini, "alihesabu siku zake hapa." Kisha hunyamaza, anahesabu moyoni moja mpaka tano, halafu anamalizia: "Siku ya sabini na tano haikufika." Hapo leso hutoka. Watu wazima na ndevu zao wamelia mbele ya ukuta ule, nawaambieni.

Siku ninayoisimulia wageni wake walikuwa wanne. Wawili walikuwa maharusi wa wiki moja, ambao walipiga picha kila kitu, hata pipa la taka, mradi mmoja wao asimame mbele yake akitabasamu. Wengine wawili walikuwa mama mzee mwenye mkongojo, umri wa sabini na kitu, na binti yake, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa kusema machache na kutazama mengi.

"Shikamoo mama," Santuri alimpokea. "Safari yetu ina ngazi kidogo, tutakwenda polepole."

"Marahaba, mwanangu. Gereza ni la ngapi?"

"La mwisho, mama. Utamu uko mwisho."

Mama akatangulia na mkongojo wake.

Wakaanza mji mpya. Santuri alisimama katikati ya uwanja wa benki, akawaambia jengo lile lina ghorofa thelathini na mbili, na lifti yake inafika juu kabla hujamaliza kupiga chafya. Bi harusi akacheka, bwana harusi akapiga picha. Mama mzee alikaa kwenye ukingo wa chemchemi isiyotoa maji, akageuza mkongojo mikononi. "Gereza bado?" akauliza.

"Bado, mama. Mazuri hayataki haraka."

"Sikuja kwa mazuri."

Aliuliza tena mbele ya duka kubwa lenye ngazi zinazotembea zenyewe, na tena pale kwenye daraja jipya, Santuri akiwa katikati ya hadithi yake ya mhandisi aliyeogopa maji. Ikabidi arudi mwanzo. Moyoni alianza kukereka. Mgeni gani huyu, anatembezwa jiji zima anataka jela tu? Alimwona kama wale wazee wanaokwenda arusini kuulizia tu nani amekufa.

Mchana waliingia mji mkongwe. Kwenye kona moja fundi cherehani aliwapisha kwenye benchi lake huku akiendelea kushona, na mama akaketi kupumzisha miguu. Maharusi walikuwa kichochoroni wakipiga picha paka. Ndipo mwalimu akafungua mkoba, akatoa bahasha ya nailoni, na ndani yake barua iliyokunjwa hadi mikunjo imekuwa kama nyuzi.

"Kaka," alimwambia Santuri, "wewe ndiye mwenye chumba cha tatu, si ndiyo? Tulikuulizia. Tuliambiwa tusiende na mwingine."

Santuri akavimba kichwa, kumbe hajui anavimbia nini. "Ndiye mimi, dada."

"Basi mama atakwambia mwenyewe."

Mama akaeleza. Baba yake alichukuliwa na wakoloni mkewe akiwa mjamzito, akaletwa katika gereza lile, na hakurudi. Maiti haikutolewa. Kilichorudi ni barua hii, mistari mitatu iliyopigwa taipu, yenye tarehe ya kuingia na tarehe ya kufa. Mjane hakuolewa tena. Alipofariki walimzika, na kando yake wakaacha nafasi ya kaburi moja, ambayo mpaka leo inapaliliwa majani na haina mtu.

"Mimi sikumwona baba," mama alisema. "Nilizaliwa yeye yuko ndani. Nilikua nikijua kwamba nina baba wa karatasi. Halafu mwaka jana huyu binti yangu akaona picha ya ukuta wako kwenye simu ya mwalimu mwenzake."

"Niliihesabu mara saba," mwalimu akasema. "Sabini na minne. Tarehe za barua zinatoa siku sabini na tatu. Lakini ukihesabu na siku yenyewe ya kuingia, ni sabini na nne."

"Na mimi nilizaliwa zimebaki siku nne," mama akaendelea, na sasa uso wake ukafunguka kabisa, ukawa uso wa msichana. "Mwanangu, wewe si unaujua ule ukuta? Minne ya mwisho ikoje?"

Santuri akajibu: "Ni mirefu kidogo, mama."

"Mirefu! Mirefu kuliko mingine yote! Alipata habari. Sijui nani alimpenyezea, lakini alipata habari kwamba nimezaliwa. Mtu mwenye furaha mkono wake haukai sawa."

Mwalimu akamwonyesha vitu vingine mkobani: kitambaa cheupe kilichopigwa pasi na kipande cha mkaa. Wangekibandika kitambaa ukutani, wapake mkaa, wachukue mistari kama ilivyo. Huko kwao fundi wa mawe alishapewa jiwe na anasubiri. Lile kaburi lisilo na mtu lingepata mistari sabini na minne, basi, hata jina la ziada halikuhitajika.

"Na tumekuja kukushukuru wewe," mama alisema, akaushika mkono wa Santuri kwa mikono yake yote miwili. "Miaka yote hii umemtunzia baba yangu ukuta wake. Watoto wa kiume sikujaliwa. Lakini wewe umefanya kazi ya mjukuu. Mungu akuweke."

Sasa niwaambie, maana yeye pale kwenye benchi hakuwa na ubavu wa kusema. Mistari ile aliichora Santuri mwenyewe. Naam! Mwaka wake wa kwanza kazini, kijana wa miaka ishirini na minne, mke nyumbani mjamzito. Walipopiga kura za vituo, wenzake waliokota kisima na meza na mlango wa risasi, yeye akaangukia chumba kitupu. Wageni walichungulia, wakasema, "Aa, humu hamna kitu," wakapita. Jumatatu moja, siku ambayo gereza hufungwa, mlinzi akiwa amekwenda kula, Santuri aliingia na msumari wa inchi nne. Kwa nini sabini na minne? Kwa sababu msumari ulipinda. Kwa nini minne ya mwisho ni mirefu? Kwa sababu msumari uliopinda huteleza. Hakuna la zaidi.

Kulikuwa na la zaidi. Lakini hilo la pili hata yeye mwenyewe alikuwa hajiambii.

Ile mikono ya mama ilikuwa mikavu na ya moto, na Santuri alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na benchi la fundi. Amedanganya watu wangapi, maelfu? Wale walikuwa wageni. Walilia, wakaenda zao kula. Hakuwahi kufikiri kwamba yule mfungwa wake asiyejulikana angeweza kuwa na mtoto, na mtoto akapanda basi siku mbili, akaja kumshika mkono.

Akafanya nini? Alifanya wanachofanya waongo wote: alitafuta njia ndefu. Badala ya kupanda kilimani aliwarudisha vichochoroni, akawaonyesha dirisha la mbao, akazunguka, akawaonyesha dirisha lilelile kutoka upande wa pili. "Kaka," bi harusi akamwambia, "hili si tumeshalipiga picha?" Akawapeleka nyumba ya gavana, akawasimulia habari za bafu la gavana mpaka bwana harusi akaanza kupiga miayo. Mama alikuwa ameegemea mkongojo juani, jasho likimtoka, anangoja kwa adabu. Huyo mama alimngoja baba yake miaka sabini; bafu la gavana lingemshinda?

Langoni mwa gereza Santuri alimvuta pembeni mlinzi, mzee wa siku nyingi mwenye masikio mazito. "Waambie chumba cha tatu kimefungwa," alimnong'oneza. "Kinafanyiwa ukarabati."

"Kimefungwa?" mlinzi akapaza sauti, jinsi wapazavyo wasiosikia vizuri. "Kimefungwa na nani? Si wewe asubuhi umeniambia nikifagie vizuri, una wageni wa heshima?"

Mwalimu aligeuka, akamtazama Santuri. Mtazamo ule nadhani huwa anawapa wanafunzi wanaosema daftari limeliwa na mbuzi. Santuri akacheka kicheko kikavu, akatangulia ndani.

Chumba cha tatu ni kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kidirisha kimoja kiko juu, na mwanga wake unaangukia sehemu moja tu ya ukuta. Kwingine kote chokaa imemomonyoka, yamebaki mawe na unyevu. Mistari ilikuwa pale kwenye mwanga, nadhifu, imekaa vizuri kwa picha. Maharusi wakasimama mlangoni. Hata wao waliona kwamba jambo fulani linatendeka, wakaweka simu mfukoni.

Mama alisogea hatua kwa hatua. Alimpa Santuri pochi yake amshikie, akampa binti yake mkongojo, akaunyoosha mkono. Alikuwa mfupi, safu ya kwanza hakuifikia.

"Nisaidie, mwanangu. Nipeleke kwenye ule wa kwanza."

Santuri akakishika kifundo cha mkono wake, chembamba, akakipandisha mpaka kidole kikagusa mstari wa kwanza. Mama akafumba macho. "Shikamoo baba," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeingia sebuleni akamkuta mzazi wake amekaa. Halafu akaanza kuhesabu. "Moja. Mbili. Tatu."

Kila namba kidole kilisogea, na mkono wa Santuri ukiwa chini yake. Santuri alijitetea moyoni, si unajua tena mtu akibanwa. Kwani kuna ubaya gani? Mwache mama wa watu na furaha yake. Uongo usiomuumiza mtu una kosa gani? Bado ana siku ngapi duniani? Akasema hivyo, akakubaliana na nafsi yake, akanyamaza. Mama akafika kumi na tisa. Kule kwao fundi wa mawe ananoa patasi, atachonga mtelezo wa msumari juu ya kaburi la mtu, na watoto wa watoto watasimama hapo na kuinamisha vichwa.

"Mama," akasema. "Mama, usihesabu."

"Nimekosea? Ishirini, si ndiyo?"

"Hujakosea. Mimi ndiye niliyekosa. Hii mistari si ya baba yako. Si ya mtu yeyote. Niliichora mimi."

Mlinzi huko nje alisikika akifagia. Bi harusi alijiziba mdomo.

"Unasemaje wewe?" mwalimu akauliza.

Akasema tena, na safari hii akasema yote, Jumatatu na msumari na kura za vituo, na alivyosema haraka maneno yakawa yanaangukiana. Ajabu ni kwamba hata mwalimu alipomkatiza hakurudi mwanzo. "Mke wangu alikuwa mjamzito," alisema, na mara hiyo akajisikia mchafu, kwa sababu alimtaja mkewe mjamzito mbele ya nani? "Samahani, mama. Nisamehe."

"Huna haya!" mwalimu akafoka. "Huna haya wala soni! Tumekushukuru pale kwa fundi cherehani, umekaa na macho makavu! Mama yangu amepanda ngazi zote hizi na magoti yake yale! Ulikuwa unatuzungusha ili iweje, achoke arudi?"

"Ndiyo," Santuri alisema.

Mama hakufoka. Mkono wake ulikuwa bado ukutani, mahali pa namba kumi na tisa. Kisha akaupapasa ukuta, si mistari, bali nafasi baina ya mistari, taratibu, kama apapasavyo mtu kitambaa dukani kujua kama ni pamba.

"Huku kwingine kote kunaparuza," alisema. "Hapa mbona laini?"

Santuri akageuza macho kidirishani.

"Nakuuliza, mwanangu. Kabla hujachora wewe, hapa palikuwa na nini?"

Hapo ndipo lile jambo la pili, lililolala miaka ishirini na sita, likainuka. Ukuta mzima ulikuwa umemomonyoka, ila pale penye mwanga. Na penye mwanga hapakuwa patupu. Mtu aliyefungwa humu naye alihitaji kuona anachoandika.

"Palikuwa na maandishi," Santuri alisema.

"Maandishi gani?"

"Madogomadogo, mama. Yamebanana. Hayakuonekana vizuri kwenye picha." Akaibana pochi ya mama kwapani. "Niliazima mwiko wa fundi ujenzi. Nikayakwangua kwanza, nipate mahali."

Mwalimu aliegemea ukuta wa pili, akafunika uso.

"Yalikuwa mengi?" mama akauliza.

"Mengi. Kuanzia hapa mpaka hapa." Akaonyesha kwa mkono, na akaona kwamba ilikuwa karibu urefu wa mtoto.

"Yalisemaje?"

Basi kumbukeni nilichowaambia mwanzo. Mtu ambaye hakuwahi kukosa neno alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Ukuta ule alikuwa amesimama mbele yake na mwiko mkononi. Pengine paliandikwa jina la mtu, pengine kijiji chake, pengine majina mawili ya kumpa mtoto, la kike na la kiume. Alikuwa na haraka. Mlinzi alikuwa anakaribia kurudi kutoka kula.

"Sikuyasoma," akasema.

Mama akauondoa mkono wake ukutani. Akautazama, kama vile ungekuwa umeshika vumbi, lakini ulikuwa safi.

"Na vumbi lake?"

"Nililifagia, mama. Nililimwaga hapo nje, mlangoni."

Mama akachukua mkongojo wake, akatoka. Maharusi wakampisha. Pale mlangoni akainama, mkono mmoja kwenye goti, akakwangua ardhi kwa kucha. Ilikuwa ngumu, miaka ishirini na sita ya viatu vya wageni, wote wale aliowaingiza yeye, walikuwa wameishindilia ikawa kama saruji. Mwalimu akatandika kile kitambaa cheupe, akatoa ufunguo wa nyumba, akapiga magoti, akaanza kuchimba.

Santuri alitoka mbio, akapiga magoti upande wa pili, akanyoosha mikono.

"Wewe acha," mama alimwambia, bila ukali wowote. "Hapa usiguse tena."

Akainuka. Hakujua aende wapi, kwa hiyo akasimama pale na pochi ya mama mikononi, akiwatazama wale wanawake wawili wakitoa udongo kidogokidogo kwa ufunguo. Langoni kundi jingine la wageni lilikuwa limefika, na mlinzi alikuwa akimwita kwa jina lake, Santuri, Santuri, njoo uwakaribishe.